Bledi ya msumeno wa mkanda ikikataa kupasua vizuri: inolewe, inunuliwe mpya, au tatizo liko kwingine?

Kijana mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mbao upande wa Kibao alinijia Mafinga na bledi tano, amezikunja na kuzifunga kwenye bodaboda. "Kamwene, mzee," akasema, "hizi zimekufa zote. Nielekeze pa kupata mpya tano." Nilizifungua moja baada ya nyingine, nikaziosha utomvu kwa dizeli, nikazitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Moja ilikuwa na nyufa. Tatu zilikuwa butu tu, tena butu kupita kiasi. Ya tano ilikuwa bado kali upande wa kulia, lakini meno ya kushoto yalikuwa yamesagwa na kitu kigumu, jiwe au seng'enge. Alikuja kununua tano, akanunua moja.

Wenye mashine ndogo za mkanda kuanzia Kilolo hadi Makete wanajiuliza swali hilo hilo kila wiki: ninoe au ninunue? Mimi huwa naanza kwa kuuliza ubao unatokaje. Ubao ukitoka vibaya, kosa linaweza kuwa la bledi, la mashine, la gogo au la mkono wa anayesukuma, na kila kosa lina alama yake. Bledi mpya hutibu kosa moja tu kati ya hayo. Na kuna jambo nililojifunza kwa hasara, ambalo naomba lishikwe kuliko mengine yote: bledi nyingi haziuawi na kunolewa mara nyingi, zinauawa na kucheleweshwa kunolewa.

Ninazungumzia bledi nyembamba, zile za upana wa milimita 32 hadi 38, yaani inchi moja na robo hadi moja na nusu, unene wa kama milimita 1, na nafasi ya milimita 22 hivi kutoka jino hadi jino. Maneno matatu yatajirudia. Seti ni jinsi meno yalivyoinamishwa: moja kushoto, moja kulia, moja la kati limenyooka. Pembe ni jinsi uso wa jino unavyoelekea mbele kuikamata mbao. Bledi nyingi za mbao laini huja na nyuzi 10, za mbao ngumu hushuka hadi 7 au 4. Bonde ni ule mviringo kati ya jino na jino unaobeba pumba kutoka ndani ya gogo. Wengi hutazama ncha wakasahau bonde, na bledi hufia bondeni.

Bledi ya namna hii ikipita kwenye gogo inakula kama milimita 2 tu za mbao, wakati msumeno wa duara wa zile mashine ndogo za kupasulia zinazoitwa dingdong unakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Faida yote ya mkanda iko kwenye hizo milimita. Ubao ukitoka umepinda na ukalazimika kuurandisha, umezirudisha zote kwenye pumba.

Ubao unatoka na mawimbi

Uinue ubao, uutazame kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho. Ukipanda na kushuka kama mgongo wa bati, usikimbilie bledi mpya. Anza na lisilo na gharama.

Zima mashine, toa ufunguo, shika ubavu wa bledi. Je, una utomvu uliokauka? Paini yetu, hasa aina ya patula ya shamba la serikali la Sao Hill na ya mashamba ya wananchi, ina utomvu mwingi. Ukiganda ubavuni, bledi inanenepa, seti inakuwa kana kwamba haipo, na msuguano unaleta moto. Chuma kikipata moto kinarefuka, kwa hiyo bledi uliyoikaza vizuri saa moja asubuhi inakuwa imelegea saa nne, nawe hujagusa kitu. Maji yenye sabuni kidogo, yakidondoka mfululizo tangu gogo la kwanza, yanazuia karibu yote hayo. Kuna wanaotumia dizeli badala ya maji. Dizeli inaondoa utomvu kweli, lakini inakula mipira ya magurudumu na kuacha harufu kwenye mbao. Mimi naiweka kwenye kitambaa cha kuoshea bledi, siwekei kwenye tangi la kudondoshea.

Kisha mkazo. Fuata kipimo kilichoandikwa kwa mashine yako, na ukipime tena baada ya magogo mawili ya kwanza, bledi ikishapata joto la kazi. Wanaokaza kwa kugonga bledi na kusikiliza mlio wanajidanganya, maana mlio hubadilika na upana wa bledi, na upana hupungua kila unaponoa.

Kama ni safi na imekaza, sasa tazama ncha. Jino kali halirudishi mwanga nchani. Jino butu lina kistari cheupe kinachong'aa. Au pitisha jino taratibu juu ya kucha ya dole gumba: kali linashika, butu linateleza. Likiteleza, hakuna la kujadili, bledi ishuke.

Bledi ikiwa kali na mawimbi bado yapo, pima seti. Hapa ndipo wanaponoa kwa tupa au kwa grainda ya mkononi wanapokwama. Kila unaponoa, jino linafupika, na seti inapungua pamoja nalo. Bledi iliyonolewa mara mbili au tatu bila kurudishiwa seti inakuwa kali kama wembe, lakini ubavu wake unasugua mbao, inapata moto na kuyumba. Kwa paini mbichi naweka kama milimita 0.55 hadi 0.6 kila upande. Kwa mlingoti, yaani mkaratusi, nashuka hadi 0.45 au 0.5, kwa sababu mbao ngumu hutoa pumba ndogo zaidi na hairudi kuibana bledi kama paini mbichi. Jicho haliwezi kutofautisha vipimo hivyo. Kifaa cha kupimia seti chenye saa, yaani uso wa mshale, kina bei, lakini ukiokoa bledi chache kimejilipa.

Halafu kuna nguvu ya injini, jambo ambalo huku kwetu halizungumzwi vya kutosha. Mafinga na Njombe zote ziko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi 20 huku juu inafanya kazi kama ya 16 hivi. Ukisukuma kwa mwendo wa aliyeko pwani, injini inazama, bledi inapunguza kasi, kila jino linalazimika kung'ata zaidi ya uwezo wake, na bledi inakwepa. Wanaotumia mota wanaliona hilo hilo umeme ukishuka nguvu jioni. Dawa ni kusukuma polepole kwenye gogo pana, na kuangalia kama beliti ya injini haitelezi. Ukisikia harufu ya mpira, umeshapata jibu.

Inapanda ikiingia, inashuka ikitoka. Au inazama moja kwa moja

Hii ni tofauti na mawimbi, na wengi huichanganya. Bledi ikigusa gogo ikapanda kidogo, ikaenda sawa katikati, kisha ikashuka inapotokea mwisho, pembe ya jino ni kubwa mno. Jino linajivuta lenyewe ndani ya mbao kuliko unavyolisukuma. Utaliona hasa ukichukua bledi ya nyuzi 10 uliyozoea kwa paini ukaiingiza kwenye mlingoti uliokaa miezi mitatu juani.

Kinyume chake, bledi ikizama mara tu inapoingia na ubao ukatoka umejikunja kama sehemu ya chini ya mtumbwi, pembe ni ndogo mno, au ncha zimekuwa butu hadi jino linateleza badala ya kukamata. Hali zote mbili zinatibika kwenye mashine ya kunolea kwa kurudisha pembe yake. Mwulize anayekunolea ameiweka nyuzi ngapi. Akisema "ile ile ya kawaida" bila kutaja namba, mwombe apime mbele yako. Vitabu vinavyokuja na mashine hizi vinashauri nyuzi 4 kwa magogo yaliyoganda kwa barafu. Njombe ina baridi, lakini magogo yake hayagandi. Huku pembe hiyo ni ya mlingoti mkavu na mbao ngumu za asili.

Inavuta upande mmoja tu

Bledi huelekea upande wenye meno makali zaidi au yenye seti kubwa zaidi. Ikigonga jiwe, msumari au waya, mara nyingi ni meno ya upande mmoja yanayoumia, na kuanzia hapo kila ubao unatoka mnene mwisho mmoja na mwembamba mwisho wa pili. Pima meno kumi ya kushoto na kumi ya kulia. Tofauti ikizidi milimita 0.05, rudisha seti. Meno yaliyosagwa yanahitaji kunolewa hadi jino fupi kuliko yote lipate ncha, na hayo mengine yashuke yalingane nalo. Inauma kuona chuma kizuri kikiliwa, lakini nusu kali na nusu butu haipasui ubao wowote.

Kabla ya hayo yote, fanya jaribio moja ambalo limeniokolea siku nyingi. Weka bledi nyingine unayoamini ni nzima, upasue gogo lile lile. Nayo ikivuta upande ule ule, achana na bledi, nenda kwenye rola za kuongozea. Pima kimo cha bledi kutoka kitandani, pale gogo linapolazwa kwenye mashine, karibu na rola ya kushoto, kisha karibu na ya kulia, vipimo vilingane. Halafu bana fimbo ya chuma iliyonyooka ikilala juu ya ubavu wa bledi, upime mbele na nyuma yake, uone kama bledi imelala sawa au imeinamisha pua. Rola iliyoinama kidogo tu huipeleka bledi chini au juu gogo zima, na hakuna kunoa kutakakoibadilisha. Beringi ya rola ikicheza, ibadilishe kwanza.

Ikivuta kwenye vifundo peke yake kisha ikarudi, ni ubutu. Mashamba mengi ya watu binafsi hayakupogolewa kwa wakati, paini zake zimejaa vifundo vigumu kama mfupa. Bledi kali inavikata, iliyochoka inavipanda.

Pumba zinasema nini

Pumba zikibaki juu ya ubao zimeshikamana, zina joto, zimebanwa hadi zinang'oka kama kipande cha mkate, seti ni ndogo. Ubao ukiwa na mikwaruzo ya meno inayoonekana wazi na pumba zimelala zimelegea, seti ni kubwa mno. Pumba zikiwa laini kama unga wa sembe badala ya chenga, bledi ni butu.

Imenolewa jana, leo imekuwa butu

Malalamiko haya nayasikia kuliko yote, na fundi wa kunoa ndiye hulaumiwa. Mara nyingi anaonewa. Gogo lililoburutwa na trekta au ng'ombe kwenye udongo mwekundu wakati wa masika linajaa mchanga kwenye gome, na gome la paini lina mianya mirefu inayouhifadhi. Jino likipita hapo ni kama umelinoa kwa kulisugua kwenye sakafu. Kwangu hakuna gogo linalopanda kitandani bila mtu mwenye panga kuondoa gome kwenye mstari bledi itakapopita, au walau kulisugua kwa burashi ya waya. Ukishindwa kabisa, geuza gogo upande wenye tope uwe upande meno yanakotokea, ili yautoe uchafu nje badala ya kuuvuta kwenye upana wote wa gogo.

Milingoti ya mipakani na ya karibu na nyumba ichunguze zaidi. Imebeba misumari ya kamba za kuanikia nguo, waya za uzio, hata misumari ya mabango ya kampeni za zamani, na mti umekua juu yake. Doa jeusi au la bluu mwisho wa gogo ni dalili ya chuma ndani. Gogo kama hilo lipasue na bledi yako ya zamani kuliko zote.

Ila kuna kosa linalotoka kwa anayenoa, na ni zito: kuunguza ncha. Jiwe likikandamizwa, ncha inageuka bluu. Chuma hicho kimebadilika. Kitakuwa kikavu na kumeguka, au kitalegea na kupinda kwenye kifundo cha kwanza. Bledi inayorudi na ncha za bluu huikubali mashine yako kwa dakika 20, basi. Mnoaji mzuri hupitisha bledi mara mbili kwa kugusa kidogo kuliko mara moja kwa nguvu, na anaosha utomvu kabla, maana utomvu unaziba jiwe na jiwe lililoziba ndilo linalochoma.

Nyufa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo uamuzi wa kunoa au kununua unapofanyika.

Fikiria bledi ya mita 4 inayokwenda mita 25 kwa sekunde. Inazunguka zaidi ya mara 6 kila sekunde, na kila mzunguko inapinda kwenye gurudumu mara mbili. Kwa kazi ya saa mbili imezunguka mara 45,000 na kupinda mara 90,000. Chuma kinachopindwa hivyo kinachoka hata kama hakijakata kitu. Ukiongeza ubutu, unaisukuma kwa nguvu, inapata moto, mabonde yanavutwa, na ufa mdogo kama unywele unaanza chini ya bonde. Huuoni. Siku inayofuata umefika katikati ya bledi.

Kwa hiyo tazama ufa umeanzia wapi.

Ukianzia bondeni, chanzo ni ubutu, kukaa kwenye mashine muda mrefu mno, kukaza kupita kiasi, au bonde lililonolewa vibaya. Grainda ya mkononi huacha kona kali chini ya jino badala ya mviringo, na kila kona ni mlango wa ufa. Ndiyo maana bledi inapaswa kunolewa umbo lote, uso wa jino, bonde na mgongo wa jino, kwa kuondoa milimita 0.1 hadi 0.2 tu. Kupitisha jiwe bondeni kunaondoa nyufa changa kabla hazijakua. Anayenoa uso wa jino peke yake anakupa ukali na kukuachia ugonjwa. Ukiona nyufa ndogo mbili tatu, mwache anoe umbo lote mara mbili kisha zitazame kwa kioo cha kukuzia. Zikiondoka, bledi inarudi kazini. Zikibaki, imekwisha, hata kama meno yanang'aa.

Ukianzia mgongoni, upande usio na meno, usimlaumu fundi wa kunoa. Bledi inasugua ukingo wa rola. Kati ya mgongo wa bledi na ukingo huo kuwe na nafasi ya kama milimita 3 mashine ikiwa haipasui. Bledi iguse pale tu unapoisukuma kweli. Rola yenye beringi iliyokwama inauchoma mgongo hadi unakuwa mgumu na kupasuka. Ukifunga bledi mpya bila kurekebisha hilo, umenunua nyufa nyingine.

Ikikatika kwenye kiungo kilichochomelewa ikiwa bado changa, na mabonde hayana nyufa, kosa ni la kiungo. Hiyo inastahili kuunganishwa tena, lakini kwa mashine maalumu ya kuunganishia bledi, inayorudisha ulaini wa kiungo kwa kukipasha moto polepole baada ya kuchomelea. Uchomeleaji wa fimbo za kawaida mtaani hausimami hata gogo moja. Na bledi iliyokatika kwa uchovu, mahali pasipo kiungo, ukiiunganisha hapa itakatika pale.

Mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa bledi wakati inapasua, na kifuniko cha magurudumu kiwe kimefungwa. Bledi ikikatika hutoka kama nyoka aliyekanyagwa.

Inaruka kwenye magurudumu

Safisha pumba zilizoganda kwenye magurudumu. Tazama ile mikanda ya mpira iliyovishwa juu yake: ikiisha hadi chuma kinakutana na chuma, bledi haina pa kushika. Kisha rekebisha mwelekeo wa gurudumu. Bledi haihusiki, isipokuwa kama imenolewa hadi imebaki nyembamba mno kwa rola zako.

Gogo ndilo linalopinda

Nimeona bledi nzuri zikirudishwa dukani kwa kosa la mti. Mlingoti una mvutano ndani yake. Ukiutoa banzi, kile kipande cha nje chenye gome, upande mmoja, gogo linajikunja kama upinde, na ubao wa pili unatoka mwembamba katikati au mwisho. Paini iliyovunwa ikiwa changa, au iliyoota kwenye mteremko mkali kama ile ya Makete na Ludewa, nayo hufanya hivyo. Utajua kwa kulegeza vibano: gogo likiinuka kutoka kitandani, mvutano umejionyesha. Geuza gogo nyuzi 180 baada ya kila banzi au kila mbao mbili, upasue pande zote mbili kwa zamu, mvutano ujilinganishe. Mwanya ukifunga na kuibana bledi, tia kabari.

Hesabu ya kunoa na kununua

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo chukua namba hizi kama mfano, kisha weka zako. Tuseme bledi mpya ni shilingi 90,000, kunoa pamoja na kurudisha seti ni shilingi 8,000, na bledi kali inakupa mbao 60 kabla ya kuhitaji kunolewa.

Ukiitumia mara moja na kuitupa, kila ubao umebeba shilingi 1,500 za bledi. Ukiinoa mara sita, umelipa 138,000 kwa mbao 420, yaani kama shilingi 329 kwa ubao. Hapo hakuna ubishi. Ila jambo la kuangalia ni kwamba kunoa hakuleti matokeo yale yale daima. Ncha ndiyo iliyotiwa ugumu kiwandani. Ukishaila sehemu hiyo, unanoa chuma laini. Siku bledi iliyonolewa itakapokupa mbao 20 badala ya 60, kunoa huko kumekugharimu shilingi 400 kwa ubao, zaidi ya wastani wa bledi mpya inayotunzwa vizuri. Hapo ndipo pa kuiacha. Kwa maana hiyo unahitaji daftari: kila bledi ipewe namba kwa rangi, na kila inaposhuka andika mbao ilizotoa na mara ilizonolewa. Wasio na daftari huamua kwa hasira ya siku hiyo.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Tuseme bledi hiyo hiyo unailazimisha ipasue mbao 90 kwa mkupuo mmoja ili kuokoa 8,000 za kunoa. Zile 30 za mwisho zinatoka na mawimbi, injini inakunywa mafuta zaidi, na nyufa zinaanza. Ikikatika baada ya kunolewa mara mbili, umepata mbao 270 kwa shilingi 106,000, karibu 393 kwa ubao, bado hujahesabu mbao zilizokataliwa na mnunuzi. Okoa hizo 8,000 uone zinakwenda wapi.

Nunua mpya bila kusitasita pale nyufa zinapobaki baada ya kunoa umbo lote, ncha zinapolegea siku ile ile kwenye magogo safi, meno kadhaa yanayofuatana yanapokuwa yameng'oka, au bledi inapokuwa imejipinda kama mkanda uliosokotwa na hailali sawa sakafuni. Jino moja moja lililokosekana halina shida. Kutu ya juu juu haina shida. Kutu iliyochimba vishimo bondeni ni ufa wa kesho.

Kwa mashine moja mimi nashauri bledi sita hadi nane za kuzungusha. Moja inapasua kwa dakika 90 hadi 120, hata kama bado inaonekana kali, kisha inashuka, inaoshwa, inapumzika, nyingine inapanda. Usiache bledi imekazwa kwenye mashine usiku kucha. Legeza ukimaliza kazi, maana ikipoa inasinyaa na kujivuta yenyewe. Mufindi na Rungwe ukungu unaingia hadi chini ya paa, na bledi iliyotoka kwenye maji ya sabuni inashika kutu usiku mmoja. Ipanguse, ipake mafuta mepesi, itundike ndani. Unapoikunja au kuikunjua vaa glavu na miwani, miguu mbali, watoto nje.

Ile bledi yenye nyufa ya kijana wa Kibao niliikata vipande vinne mbele yake kabla hajaondoka. Alitaka kuibeba nyumbani iwe ya akiba. Bledi yenye ufa ikitundikwa pamoja na nzima, asubuhi moja yenye haraka mtu ataifunga.